Barua ya wazi kwa wanaoidhinisha bajeti: andikeni na mlichokiacha

Kwenu Waheshimiwa mnaopanga, mnaojadili na mnaoidhinisha matumizi ya fedha za umma,

Yah: Ombi la kuongeza ukurasa mmoja katika kila pendekezo la matumizi makubwa

Nawaandikia kwa heshima nikiwa mwalimu wa somo la uchumi katika ngazi ya mwanzo kabisa. Mwanafunzi wa ngazi hii hajui bado lolote kuhusu sera ya fedha wala hesabu za pato la taifa, lakini tayari amefundishwa jambo moja ambalo nikisoma nyaraka za bajeti silioni. Jambo hilo ni kwamba gharama ya kitu si fedha zilizotolewa kukipata, bali ni kile kingine bora zaidi ambacho fedha hizo, au muda huo, au ardhi hiyo, au watu hao wangetuletea kama tusingewatumia hapa. Wanauchumi huiita gharama ya fursa. Ombi langu ni kwamba kila pendekezo kubwa linalofika mezani kwenu liwe na ukurasa mmoja unaotaja, kwa jina na kwa kiasi, jambo bora zaidi litakaloachwa iwapo pendekezo hilo litapitishwa.

Najua jibu litakalonijia kwanza, kwamba hapo hakuna jipya. Kauli kwamba kupanga ni kuchagua inasikika katika Kiswahili cha siasa tangu Mwalimu Julius Nyerere alipoitumia mwaka 1969 akiueleza mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano wa Tanzania, na sidhani kama yupo kati yenu asiyeikubali. Hata hivyo, kukubali kwamba mmechagua si sawa na kujua mlichokiacha. Ninaposoma pendekezo la mradi nakuta jina lake, kiasi kinachoombwa, chanzo cha fedha, ratiba ya utekelezaji na manufaa yanayotarajiwa. Mradi ulioshindwa, ule ambao ungepata fedha hizohizo, haumo. Hauna kifungu, hauna msemaji, na hakuna mgeni rasmi atakayealikwa kukata utepe wa jengo ambalo halikujengwa.

Mfaransa Frédéric Bastiat aliliandika jambo hili mwaka 1850 kwa kisa cha dirisha lililovunjwa kioo. Majirani humfariji mwenye dirisha kwa kumwambia kwamba angalau fundi vioo amepata riziki, na ni kweli ameipata. Ila hakuna anayemwona fundi viatu, ambaye angeuza jozi ya viatu kwa fedha zilezile kama kioo kingebaki kizima. Nathubutu kusema kwamba nyaraka nyingi za bajeti nilizozisoma zimeandikwa upande wa fundi vioo.

Msidhani nawalaumu ninyi peke yenu. Mwaka 2005 watafiti Paul Ferraro na Laura Taylor walichapisha matokeo ya swali walilowauliza wanauchumi 199. Swali lilikuwa hivi: umepata tiketi ya bure ya onyesho la mwanamuziki fulani, tiketi ambayo huwezi kuiuza. Usiku huohuo anatumbuiza mwanamuziki mwingine, ambaye ndiye ungemwendea kama usingekwenda kwa huyu wa kwanza. Tiketi yake inauzwa dola 40, na wewe siku yoyote ungekuwa tayari kulipa hadi dola 50 ili kumwona. Je, gharama ya fursa ya kwenda kwa yule wa kwanza ni kiasi gani? Majibu ya kuchagua yalikuwa manne: sifuri, dola 10, dola 40 au dola 50. Jibu sahihi ni dola 10, kwa kuwa unachokiacha ni burudani yenye thamani ya dola 50 ambayo ungeilipia dola 40, kwa hiyo kinachokupotea ni tofauti baina ya hizo mbili. Waliopatia walikuwa asilimia 21.6, yaani wachache kuliko ambao tungewatarajia wapatie kama kila mmoja angefumba macho na kuchagua jibu kwa kubahatisha. Baadaye wapo wanauchumi waliolalamika kwamba swali lenyewe lina utata, na hoja yao ina uzito kiasi. Lakini kama watu ambao kazi yao ni kulipima jambo hili hawaelewani hata juu ya maana yake wanapoulizwa ghafla, mjumbe wa kamati mwenye mafaili arobaini mbele yake atalikumbuka vipi bila kukumbushwa?

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2009 na Shane Frederick na wenzake, ndio unaonipa moyo kwamba kukumbushwa kunasaidia. Watu waliulizwa kama wangenunua video yenye kuvutia kwa dola 14.99. Kundi moja lilipewa chaguo mbili za kawaida, kununua au kutonunua. Kundi la pili lilipewa chaguo zilezile, ila ile ya kutonunua iliongezewa maneno machache: kubaki na dola 14.99 kwa ajili ya manunuzi mengine. Maneno hayo hayakumpa mtu habari yoyote mpya, kwa sababu kila mmoja anajua kwamba fedha asizozitumia hubaki mfukoni. Hata hivyo walioamua kununua walishuka kutoka asilimia 75 hadi asilimia 55. Ikiwa mtu anayetumia fedha zake mwenyewe husahau thamani ya matumizi mengine mpaka yatajwe, sembuse kamati inayotumia fedha za watu wasiokuwemo ukumbini.

Ukurasa ninaouomba unaweza kuandikwa vibaya, na kwa kuwa nimesahihisha madaftari mengi najua utakosewa wapi. Kosa la kwanza ni la mwanafunzi anayeorodhesha kila kitu alichoweza kufanya, kisha akavijumlisha vyote na kuviita gharama. Aliyesoma kwa muda wa saa moja hakupoteza saa ya kulala, na saa ya kucheza, na saa ya kufanya kazi. Alikuwa na saa moja tu, na alichopoteza ni kile kimoja ambacho angekifanya badala ya kusoma. Tarehe 16 Aprili 1953, Rais Dwight Eisenhower wa Marekani aliwaambia wahariri wa magazeti kwamba gharama ya ndege moja ya kisasa ya kudondosha mabomu ni shule ya kisasa ya matofali katika miji zaidi ya 30. Ni mitambo miwili ya umeme, kila mmoja wa kuhudumia mji wa watu 60,000. Ni hospitali mbili nzuri zenye vifaa vyote. Ni takriban kilomita 80 za barabara ya zege. Naipenda hotuba ile kwa sababu ilitaja gharama kwa vitu, si kwa dola, na ndivyo ninavyotamani ukurasa wenu uandikwe. Lakini anayeisoma orodha ile hana budi kuweka neno "au" kati ya kila kitu na kinachofuata. Hakuna ndege iliyozuia shule na umeme na hospitali na barabara kwa pamoja. Anayevijumlisha vyote anaipinga ndege kwa hoja ambayo ingepinga kila kitu, hata hospitali.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni kukiita bure kila kisicholipiwa taslimu. "Eneo tunalo." "Wataalamu tunao." "Jengo lipo, halitatugharimu kitu." Kauli hizi huandikwa kana kwamba ni sababu za kuupitisha mradi, ilhali zinaeleza tu kwamba gharama yake haitapita kwenye hati ya malipo. Kiwanja cha umma kilichopewa ghala hakiwezi kupewa pia zahanati, na mhandisi aliyehamishiwa mradi mpya ameuacha wa zamani bila msimamizi. Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoufahamu ni wa jeshi la Marekani katika enzi ya kuwaandikisha vijana kwa lazima. Kwenye vitabu vya hesabu jeshi la namna hiyo lilionekana nafuu, kwa kuwa askari alilipwa kidogo kuliko ambavyo angepata uraiani. Tume iliyoongozwa na Thomas Gates, ambayo mwanauchumi Milton Friedman alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 1970 kwamba ile tofauti ya kipato haikutoweka hewani: ilikuwa kodi iliyofichika, na mlipaji wake alikuwa kijana mwenyewe aliyeandikishwa. Uandikishaji wa lazima ulikoma mwaka 1973.

Muda wa wananchi ni wa kundi hilohilo la vitu vinavyoitwa bure. Tuchukulie kwamba ofisi imepunguza makarani wawili, na matokeo yake watu mia mbili kila siku wanasimama foleni kwa nusu siku zaidi. Ofisi imeokoa siku mbili za kazi na imetumia siku mia moja. Katika taarifa ya mwaka zile mbili zitaandikwa chini ya kichwa cha habari cha kubana matumizi, na zile mia moja hazitaandikwa popote, kwa sababu hazikuwa za ofisi.

Kuna kitu ambacho hakistahili kuonekana katika ukurasa huo hata kidogo, nacho ni fedha ambazo zimekwisha kutumika na haziwezi kurudi. Serikali za Uingereza na Ufaransa ziliendelea kuigharamia ndege ya Concorde huku dalili za hasara ya kibiashara zikiwa zimeshaonekana, na kati ya sababu zilizokuwa zikitolewa ni ukubwa wa fedha ambazo tayari zilikuwa zimemwagwa humo. Ndege hiyo iliruka mara ya kwanza mwaka 1969 na kuanza safari za abiria mwaka 1976, na ni 14 tu zilizoingia kazini kwenye mashirika ya ndege. Uamuzi wa kuendelea au kuacha unahusu fedha inayofuata tu, kwa sababu hiyo ndiyo pekee ambayo bado ina pengine pa kwenda.

Naomba pia muitazame fedha hiyo inayofuata kidogo kidogo. Mijadala ya bajeti huendeshwa mara nyingi kama pambano la afya na elimu, au barabara na maji, kana kwamba kuna siku mtaamua kufuta kimoja kabisa. Swali halisi siku zote ni nyongeza: sehemu hii moja zaidi ikienda huku, kule kunapungua nini? Jibu hubadilika kadiri mnavyosonga. Walimu wa kwanza kuhamishiwa kazi ya sensa huenda wakawa wale ambao vipindi vyao vilikuwa vichache. Mkiendelea kuhamisha, mtafikia wale ambao darasa zima linawategemea, na kila anayefuata atawagharimu zaidi ya aliyetangulia. Kinyume chake nacho ni kweli, na uadilifu unanitaka nikiseme ingawa hakinisaidii katika hoja yangu: wakati watu wengi hawana kazi na mitambo imelala, gharama ya fursa ya kuwatumia ni ndogo kuliko malipo yao yanavyoonyesha, kwa sababu kilichoachwa ni kidogo. Ukurasa wangu ungeipa nguvu miradi ya wakati kama huo.

Hadi hapa nimezungumzia nini kifanywe. Lipo swali la nani akifanye, na kwa maoni yangu hapa ndipo nia njema huzaa maamuzi mabaya kwa wingi zaidi. Mnaulizwa kila mwaka kama huduma fulani ifanywe na idara yenyewe au inunuliwe nje, kama eneo fulani lilime zao hili au lile, kama nchi itengeneze kitu fulani yenyewe au ikiagize. Jibu linalopendwa ni kwamba tunaweza, kwa hiyo tufanye. Jibu la upande wa pili, linalotolewa kwa unyonge, ni kwamba wenzetu wanatuzidi katika kila kitu, kwa hiyo hatuna cha kuuza. Majibu yote mawili yana kosa moja: yanapima uwezo wa kufanya badala ya kupima kinachoachwa.

Mwanauchumi Mwingereza David Ricardo alilionyesha hili mwaka 1817 kwa tarakimu nne ambazo sijaona mfano uliozishinda kwa ufupi. Tuseme Uingereza inahitaji kazi ya watu 100 kwa mwaka kutengeneza kiasi fulani cha nguo, na ya watu 120 kutengeneza kiasi fulani cha mvinyo. Ureno inatengeneza nguo kiasi kilekile kwa watu 90 na mvinyo uleule kwa watu 80. Ureno inaishinda Uingereza kwa vyote viwili, na kwa mtazamo wa haraka haina sababu ya kununua lolote kutoka huko. Lakini ulizeni kinachoachwa. Ureno ikitengeneza fungu moja la nguo, watu wale 90 wangeweza kutoa mvinyo zaidi ya fungu moja, yaani 90 kwa 80. Uingereza ikitengeneza fungu hilohilo la nguo, watu wake 100 wameacha mvinyo pungufu ya fungu moja, yaani 100 kwa 120. Nguo za Uingereza, zilizotengenezwa na watu wengi zaidi, ndizo zenye gharama ndogo zikipimwa kwa kilichoachwa. Kila nchi ikijitengenezea vyote, zinatumia watu 220 na 170. Uingereza ikitengeneza nguo mafungu mawili kwa watu 200, na Ureno mvinyo mafungu mawili kwa watu 160, kisha zikabadilishana fungu kwa fungu, kila moja inapata kilekile ilichokuwa nacho na watu 30 wamebaki huru kwa kazi nyingine: 20 Uingereza na 10 Ureno.

Hiki ndicho kinachoitwa faida linganishi, na neno la muhimu hapo ni linganishi. Anayewazidi wengine kwa kila kazi hawezi kuwa na unafuu katika kila kazi, kwa sababu kadiri anavyokuwa hodari katika moja ndivyo saa anayoitumia katika nyingine inavyomgharimu zaidi. Kwa sababu hiyohiyo, aliye nyuma kwa kila kazi lazima awe na mahali ambapo kuachwa kwake nyuma ni kudogo kuliko kwingine, na hapo ndipo penye unafuu wake. Ricardo aliingia bungeni mwaka 1819 na akafariki mwaka 1823; sheria za Uingereza za kuzuia nafaka ya nje, alizozipinga kwa hoja na kwa kura, hazikufutwa hadi mwaka 1846. Nawatajia miaka hiyo kwa sababu mtu akisoma hesabu ile anaweza kudhani kwamba kitu chepesi namna hii kitakubaliwa mara moja.

Hesabu hii haihusu nchi peke yake. Chukueni ofisi yenye mkaguzi mmoja na karani mmoja. Kwa saa moja mkaguzi anaweza kukagua mafaili 4 au kuingiza kumbukumbu 40 kwenye kompyuta. Karani anaweza kukagua faili 1 au kuingiza kumbukumbu 30. Mkaguzi anashinda kote. Mkuu wa ofisi anayependa usawa atawaambia wote wawili wagawe siku ya saa 8 nusu kwa nusu, na jioni atapata mafaili 20 na kumbukumbu 280. Sasa karani aingize kumbukumbu siku nzima: hizo ni 240. Mkaguzi atoe saa moja kumalizia 40 zilizobaki, na saa 7 akague. Jioni kumbukumbu ni 280 zilezile, na mafaili ni 28. Hakuna aliyeajiriwa, hakuna aliyeongezewa mshahara wala aliyefanya kazi kwa muda mrefu zaidi, na mafaili 8 yamepatikana. Nimewahi kuona ofisi ambamo mtaalamu pekee wa fani yake alikuwa akiandika mihtasari ya vikao kwa sababu, kama nilivyoambiwa kwa kujivunia, alikuwa mwandishi mwepesi kuliko wote. Bila shaka alikuwa hivyo.

Historia imetupatia jaribio moja linalokaribia la maabara. Japani ilijifungia biashara ya nje kwa zaidi ya miaka 200, ikiacha mlango mdogo tu, kisha mwaka 1859 bandari zake zikafunguliwa kwa shinikizo la mataifa ya Magharibi. Hariri na chai zikawa miongoni mwa bidhaa zilizoongoza kutoka. Daniel Bernhofen na John Brown walipolinganisha bei za ndani za kabla ya kufunguliwa na mwelekeo wa biashara uliofuata, walikuta kwamba mwelekeo huo ulikuwa ule ambao nadharia ingeutabiri, na wakakadiria kwamba nafuu iliyopatikana haikuzidi asilimia 8 hadi 9 ya pato la taifa. Kiasi hicho si kidogo, ila si muujiza pia, na wanaoiuza biashara huria kama dawa ya kila ugonjwa wangefaa kukitaja kila wanapofungua mdomo.

Wangefaa kutaja na jambo jingine. Wale watu 30 waliobaki huru katika hesabu ya Ricardo wana majina, na katika hesabu wanahamia kazi nyingine kwa mstari mmoja wa wino. Mfuma nguo wa Ureno hawi mtengeneza mvinyo kwa kusomewa nadharia. Mwaka 2013 David Autor, David Dorn na Gordon Hanson walionyesha kwamba maeneo ya Marekani ambayo viwanda vyake vilikabiliwa zaidi na bidhaa kutoka China kati ya mwaka 1990 na 2007 yalipata ukosefu mkubwa zaidi wa ajira na mishahara midogo zaidi kuliko maeneo mengine, na athari hizo hazikuisha upesi. Faida linganishi inathibitisha kwamba jumla inaweza kukua kiasi cha kuwafidia waliopoteza. Haithibitishi kwamba watafidiwa. Fidia ni uamuzi wenu, na Marekani iliuweka katika sheria mapema kama mwaka 1962, ilipoanzisha msaada kwa wafanyakazi waliopoteza kazi kutokana na bidhaa za nje. Kwa hiyo ukurasa wa uamuzi wa kununua badala ya kutengeneza uandikwe pamoja na majina ya kazi zitakazokufa, mahali zilipo, na kiasi kilichotengwa kwa ajili yao. Bila kiasi hicho hesabu haijakamilika.

Yapo pia mambo ambayo uwiano wa leo hauyaoni. Faida linganishi si alama ya kuzaliwa nayo. Bandari, shule na uzoefu wa miaka huibadilisha, na nchi inayowekeza katika kazi ambayo bado haijaimudu huenda inafanya jambo la busara kabisa. Anayetaka kutengeneza mwenyewe kitu ghali kwa sababu ya usalama wa nchi naye ana hoja halali, kwa kuwa hiyo ni bima, na bima hulipiwa. Ninachoomba kwa wote wawili ni bei. Atakayesema kwamba kiwanda kitajifunza aandike kitajifunza kwa miaka mingapi na ni nini kitakachoachwa katika miaka hiyo. Atakayesema ni usalama aandike ada ya bima hiyo kwa mwaka, kwa shule au kwa kilomita za barabara, kisha ninyi mwamue kama hatari hiyo inastahili ada hiyo.

Nimejaribu kuyafikiria mapingamizi yenu. La kazi kuwa nyingi halinisumbui sana, maana naomba ukurasa huu kwa matumizi makubwa tu, na miradi iliyoshindwa haihitaji kubuniwa: imo makabatini, ilishaandikwa, ilishapigiwa hesabu, ikakataliwa. Pingamizi zito ni kwamba anayependekeza mradi akiachiwa kuchagua mshindani wake, atachagua kilema. Ataandika kwamba kilichoachwa ni ukarabati wa uzio, na mradi wake utang'aa. Kwa sababu hiyo mshindani asiteuliwe na mpendekezaji; ateuliwe na kitengo kingine, kutoka katika maombi yaliyokataliwa mwaka uleule, na kitengo hicho kiandike kwa nini hilo ndilo lililokuwa la pili kwa ubora. Najua pia kwamba ukurasa huo utasomwa na wapinzani wenu na kutumiwa jukwaani. Utatumiwa, ndiyo. Kwa sasa wanatumia orodha ya kila kitu ambacho hamkukifanya, ambayo haina mwisho. Ukurasa wenye kitu kimoja kilichotajwa kwa kiasi utawalazimisha nao waseme kama wangekichagua hicho na kuacha hiki.

Naomba muanze na pendekezo moja tu, lile kubwa kuliko yote katika bajeti ijayo. Chini ya mstari wa kiasi kinachoombwa, mstari mwingine uandikwe: "Badala ya hiki tungepata", na baada ya maneno hayo iachwe nafasi ya kujaza. Iwapo mpendekezaji na kitengo nilichokitaja hawatakubaliana juu ya cha kuandika hapo, mahali hapo pachapishwe patupu jinsi palivyo, na pendekezo lirudishwe.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu wa somo la uchumi